Mshale wa joto hautoshi kwa gari la turbo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenzangu wa mwambao wanaomiliki magari yenye turbo, na vilevile na mafundi wanaotutengenezea magari hayo, kuhusu kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ambacho huonyesha kwa tarakimu yale ambayo dashibodi hutuficha. Nimekitumia kifaa hicho kwa miaka mitatu sasa hapa Malindi, na ninaandika kwa sababu kila nikipita gereji nakuta gari lililofunguliwa hedi (kichwa cha injini) ambalo, kwa imani yangu, lingeokolewa na tarakimu moja tu iliyosomwa mapema.

Magari haya yamekuwa mengi. Zamani neno turbo tulilisoma ubavuni mwa malori na mabasi. Leo limo katika magari madogo ya familia yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani, katika pikapu zinazobeba samaki na maembe, na katika magari ya dizeli yanayowapeleka wageni Tsavo kupitia lango la Sala. Mwenye gari hulipokea likiwa limeshatumika miaka saba, kitabu chake kimeandikwa kwa Kijapani au hakimo kabisa, na hakuna anayemweleza kwamba chini ya boneti mna turbo, gurudumu dogo lenye mapezi la kuisukumia injini hewa, linalozungushwa na moshi wa injini kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kwamba gurudumu hilo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Moshi unaolizungusha katika injini ya petroli huweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi. Injini ya namna hiyo haitaki kubahatishwa.

Mimi mwenyewe nimelilipia somo hili. Miaka mitano iliyopita nilikuwa natoka Mombasa saa nane mchana na gari langu la awali, nalo pia lilikuwa la turbo, likiwa na watu watano na mizigo juu. Nilipovuka daraja la Kilifi mshale wa joto ulikuwa katikati. Nilipopita Matsangoni ulikuwa katikati. Tulipokaribia Gede mke wangu akauliza harufu hii tamu ya nini, kama sukari inayoungua. Nikatazama mshale, nikauona pale pale katikati, nikamjibu kwamba labda ni gari lililo mbele yetu. Hazikupita dakika mbili, mshale ukaruka kwa mkupuo mmoja hadi kwenye nyekundu, gari likafa nguvu, na nilipofungua boneti mvuke ulinipiga usoni. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka kwa urefu usiozidi ukucha wa kidole gumba. Gasketi ilikuwa imeungua na hedi imepinda, na gharama ya kuichonga hedi, kununua gasketi na kumlipa fundi ilikuwa sawa na ada ya muhula mzima ya mwanangu aliyekuwa shule ya bweni. Fundi aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mzee, mshale huo ukianza kupanda, jua kazi imeshaharibika zamani."

Sikumwelewa hadi nilipojifunza sababu yake. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni mshale haufuati joto la maji nyuzi kwa nyuzi. Dereva hushtuka akiuona mshale ukichezacheza, kwa hiyo watengenezaji wameiagiza kompyuta ya gari iushikilie katikati kwa masafa mapana, hata maji yanaweza kutoka nyuzi 75 hivi na kupita 100 bila mshale kujongea. Magari mengine hayana mshale kabisa. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu injini ikishazidiwa, na kati ya buluu na nyekundu dereva haambiwi neno lolote. Isitoshe, maji yakishamwagika, sensa ya joto (kile kipimio kinachoiarifu kompyuta) hubaki ndani ya mvuke na hewa badala ya maji, nayo huweza kutoa kipimo cha chini kuliko joto halisi la chuma kinachoizunguka. Ndivyo ilivyokuwa kwangu pale Gede, na ndiyo sababu tarakimu inayofaa kutazamwa ni ile ya kabla maji hayajaisha, inapoanza kupanda polepole huku maji yakiwa bado yamo.

Kompyuta ya gari, kwa upande wake, inaijua tarakimu hiyo kila sekunde, kwa kuwa ndiyo inayoitumia kupima petroli na kuiamuru feni. Mtu yeyote anaweza kuisoma kupitia soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani ilizilazimisha kampuni ziiweke soketi hiyo, pamoja na lugha moja ya mawasiliano iitwayo OBD-II, katika magari madogo yote mapya kuanzia ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli na miaka michache baadaye kwa ya dizeli. Lengo halikuwa kumsaidia dereva, lilikuwa kuzuia moshi mchafu. Hata hivyo, ili kompyuta iweze kujichunguza kuhusu moshi ni lazima ijue joto, presha, hewa, mafuta na wakati wa kuwasha cheche, na hayo yote imelazimishwa kuyatamka kwa yeyote anayeuliza kwa lugha ile. Wanaonunua magari ya soko la Japani waangalie jambo moja: magari ya kabla ya 2008 hivi huweza kuwa na soketi yenye umbo lile lile na bado yakazungumza lugha ya kiwanda chao peke yake. Omba kujaribu kifaa kwenye gari lako kabla ya kutoa pesa.

Vifaa vyenyewe ni vya namna mbili. Kipo kionyeshi kamili chenye skrini yake, kinachokaa juu ya dashibodi na waya unaoshuka hadi kwenye soketi. Na kipo kidude cha kuchomeka kinachorusha tarakimu hadi kwenye simu. Mimi hutumia cha kwanza, kwa sababu simu hupigiwa na dereva akashawishika kuipokea, na tena katika jua letu simu iliyobandikwa kwenye kioo hupata moto hadi ikajizima. Nimeweka tarakimu nne tu: joto la maji, presha ya hewa inayoingia kwenye injini, joto la hewa hiyo, na volti za betri. Wanaojaza skrini tarakimu kumi na mbili hawaoni hata moja.

Lakini kukinunua si kazi. Kazi ni kuzijua tarakimu za gari lako likiwa zima. Watu huniuliza nyuzi ngapi ni sawa, nami huwajibu kwamba hilo linategemea gari. Langu, ambalo ni la petroli la lita mbili, hukaa kati ya 88 na 92 barabarani, na feni huwaka likifika 96 na kuzimika likishuka 91. Yapo magari ya Ulaya yaliyoundwa yatembee kwenye nyuzi 105 ili yabane mafuta, na mwenye gari hilo akiona 105 hana sababu ya kusimama kando ya njia. Kwangu 105 ni hatari. Kwa hiyo mwezi wa kwanza niliweka daftari ndogo kwenye droo ya gari, na kila nilipofika salama niliandika: asubuhi baridi, mchana, gari tupu, gari limejaa, feni ya kupoza watu (AC) ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Daftari hiyo imenisaidia kuliko kionyeshi chenyewe.

Presha ya turbo nayo ina mtihani wake mwepesi, ambao ningependa kila mtu aufanye siku ya kwanza. Fungua swichi bila kuwasha injini, usome presha ya hewa. Hapa Malindi, tulio usawa wa bahari, inapaswa kuwa karibu kilopaskali 101, maana ndiyo presha ya hewa tunayoivuta. Ukiwa Nairobi, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, gari lile lile litasoma karibu 83. Kama hapa kwetu linasoma 90 au 115, sensa au kionyeshi kina kasoro, na hesabu zote zitakazofuata ni za uongo. Ukishawasha injini ya petroli na kuiacha ingurume gari likiwa limesimama, tarakimu hushuka hadi 30 au 40, kwa sababu injini inavuta na mlango wa hewa umefungwa. Ukikanyaga mafuta hupanda, na kile kinachozidi 101 ndicho turbo imekiongeza. Wengi hushangaa wakipanda bara na kuona kionyeshi kikiwaambia turbo imepungua nguvu, kumbe kifaa cha bei ya chini hupunguza 101 kwenye hesabu popote kilipo, hata penye hewa nyepesi. Na wenye dizeli wakumbuke kwamba kipimo cha kawaida cha presha katika lugha ile kinaishia 255. Turbo ya dizeli ikivuka hapo, skrini itaganda kwenye 255 na wala si ugonjwa.

Niruhusu, Mhariri, nieleze safari moja kwa urefu kidogo. Ilikuwa msimu wa kusi mwaka jana, nami nilikuwa naelekea Marereni kwa shughuli za msiba. Kila mara nikishavuka daraja la Sabaki na kukanyaga mafuta nilipite lori, presha yangu hupanda hadi 175 au 178. Siku hiyo ilifika 142 ikakataa. Nilijaribu tena mbele ya Mambrui, ikawa 140. Gari lilikwenda, taa ya injini haikuwaka, na abiria wangu hakuhisi lolote. Bila ya skrini ningesema tu kwamba gari leo ni zito kidogo. Nilisimama kando penye kivuli karibu na Gongoni, nikafungua boneti, nikapapasa mpira mnene unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye ile rejeta ndogo ya kupoza hewa ambayo mafundi huiita intakula. Chini ya klipu, upande usioonekana kutoka juu, palikuwa na doa jeusi la vumbi lililonata oili, limetapakaa kama upepeo, na nilipoivuta klipu kwa kidole ilizunguka. Chumvi ilikuwa imeila. Skrubu yake ilikuwa imegeuka kahawia na uzi wa chuma umebaki nusu. Niliikaza kwa bisibisi kadiri ilivyokubali, na presha ikarudi hadi 165. Kesho yake nilinunua klipu ya chuma kisichoshika kutu, nikaifunga mwenyewe, na tangu hapo naona 178 yangu.

Wenzetu wanaoishi mbali na bahari hawatalielewa hilo kwa haraka. Hapa upepo wa kusi hutuletea rasharasha ya chumvi hadi ndani ya sebule, na anayeendesha kila wiki kandokando ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni ajue kwamba kila klipu, kila kibano cha waya na kila skrubu iliyo chini ya boneti inaliwa polepole. Uvujaji kama ule ungeachwa, kompyuta ingeendelea kuiamuru turbo isukume zaidi ili kufidia hewa inayopotea, na turbo ingezunguka kwa kasi isiyopangiwa, huku injini ikimwagiwa mafuta kwa hewa iliyohesabiwa mlangoni lakini haikufika ndani. Moshi mweusi ungefuata, kisha matumizi makubwa ya mafuta, na mwisho wake ningeambiwa nibadilishe turbo nzima kwa sababu ya klipu ya shilingi chache.

Sasa nirudi kwenye joto, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa huku, na nasema hivi kwa heshima, maana wapo walionifundisha mengi. Desturi ya kung'oa themostati, ile vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, imeenea mno. Gari likichemsha mara moja, dawa ya kwanza ni kuitoa na kuitupa. Kijana mmoja wa gereji aliniambia, "Mzee wangu, na joto hili la Malindi themostati ya nini? Hicho kidude ni cha nchi za baridi." Nilimwomba tusibishane, tupime. Jirani yangu ana gari la dizeli lililong'olewa themostati, tukachomeka kionyeshi changu humo na kwenda nalo Mambrui na kurudi asubuhi mapema. Tarakimu ilikuwa 64, ikafika 66, ikagusa 69 tulipopunguza mwendo, ikarudi 65. Haikufika 70 safari nzima. Injini iliyo hivyo, kompyuta yake hudhani bado inapata moto tu, ikaendelea kuipa mafuta ya ziada. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu na mafuta yanayovujia ndani yake. Na oili hiyo hiyo iliyopungua ubora ndiyo inayokwenda kuibeba turbo. Jirani alinunua themostati mpya, na siku hizi gari lake hutembea kati ya 85 na 89. Kijana yule hakusema kitu, lakini wiki iliyofuata alikuja kuniazima kionyeshi kwa gari la mteja mwingine.

Tena kuitoa themostati hakuponyi gari linalochemsha, huficha tu kinachochemsha. Anayetazama tarakimu anaweza kukikaribia chanzo kabla hajashika spana. Joto likipanda gari likiwa limesimama kwenye foleni na kushuka likianza kwenda kasi, mtuhumiwa wa kwanza ni feni, pamoja na fyuzi yake, rilei na waya wake, kwa sababu gari likienda upepo hufanya kazi ya feni. Likipanda ukiwa kasi au ukiwa na mzigo na kushuka ukipunguza mwendo, tazama rejeta iliyoziba, maji yaliyopungua, au mpira unaojibana. Likipanda upesi mno tangu gari liwashwe, bila kujali mwendo, huenda themostati imekwama ikiwa imefungwa. Hizi si kanuni zisizokosea, lakini ni tofauti kubwa na kubadilisha kitu kimoja baada ya kingine kwa pesa za mteja.

Na maji tunayotia! Visima vingi vya hapa vina chumvi, na bado nawaona madereva wakijaza rejeta kwa kibuyu kilichotoka kisimani. Chumvi hiyo huacha magamba ndani ya mirija na kuila aluminiamu ya hedi. Kulanti, yaani dawa maalumu ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa huchemka karibu nyuzi 106 hata pasipo presha, na chini ya kifuniko kizima cha rejeta huchemka juu zaidi ya hapo. Huzuia kutu pia. Kifuniko kilicholegea hupoteza faida hiyo yote, nacho ni kitu cha bei ndogo kabisa katika mfumo mzima.

Kuhusu joto la hewa nitasema kidogo. Kwenye foleni ya Mtwapa hewa inayoingia kwenye injini yangu hupanda hadi nyuzi 62, na nikishatoka na kutembea hushuka taratibu hadi arubaini na kitu. Hewa ya moto ikibanwa na turbo huweza kufanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, ule mlio wa kugongagonga ambao wazee wa magari wanaujua, na kompyuta hujikinga kwa kuchelewesha cheche, ndipo gari linapokuwa zito. Kwa hiyo nikitoka kwenye foleni sikanyagi mafuta kwa nguvu hadi tarakimu ishuke chini ya 50. Na nikifika nyumbani baada ya mwendo mkali huiacha injini ingurume dakika moja hivi ili oili na maji yaipoze turbo kabla sijazima, kwa sababu oili iliyokwama ndani ya chuma chenye moto ule hugeuka masizi magumu.

Lazima pia niseme wazi kile ambacho kifaa hiki hakikioni, nisije nikampa mtu tumaini la uongo. Katika magari mengi hakikuonyeshi presha ya oili. Magari mengi ya kawaida yana swichi tu ya oili, inayowasha taa nyekundu presha ikishaanguka kabisa, na hakuna tarakimu ya kusoma. Turbo hufa kwa oili kuliko kwa kitu kingine chochote, basi kijiti cha kupimia oili hakina mbadala: kichomoe kila wiki, gari likiwa limesimama sawasawa, ukipanguse, ukirudishe, ukichomoe tena, usome. Baadhi ya vionyeshi huandika joto la oili au joto la moshi katika gari lisilo na sensa hizo. Tarakimu hizo ama zimekadiriwa na kompyuta ama hazina msingi, na mimi sizitegemei.

Lipo jambo jingine linaloniumiza, nalo ni kufuta. Kompyuta inapogundua hitilafu huhifadhi namba yake, kwa mfano P0299, yaani presha ya turbo haifiki inapotakiwa, au P0128, yaani injini haipati moto inavyopaswa. Na pamoja na namba huhifadhi picha ya dakika ile: joto lilikuwa ngapi, mwendo gani, injini ilizunguka mara ngapi. Huo ni ushahidi. Gari hufika gereji, mtu anachomeka mashine, anafuta namba zote kabla hata ya kuziandika, taa inazimika, mteja analipa na kushukuru, na baada ya siku tatu taa inarudi huku ushahidi ule wa kwanza umeshapotea. Nilifanyiwa hivyo na gereji moja ambayo sitaitaja, nikarudi huko mara tatu kwa tatizo lile lile. Hata wauzaji wengine hufuta kabla mnunuzi hajafika. Mnunuzi anaweza kulitambua hilo: vifaa vingi huonyesha orodha ya mitihani ambayo kompyuta hujifanyia, na ikifutwa mitihani hiyo husomeka kuwa haijakamilika hadi gari litembee siku kadhaa. Ukikuta gari lisilo na hitilafu hata moja lakini mitihani mingi haijakamilika, muulize muuzaji alifuta lini na alifuta nini, kisha umsikilize vizuri anavyojibu.

Kwa anayetaka kununua, tahadhari ni chache. Soko limejaa vidude vya bei nafuu vilivyoandikwa ELM327, jina la chipu inayotafsiri lugha ya OBD-II, ambavyo ni nakala za nakala; vingine hufanya kazi vizuri, vingine hukatakata mawasiliano. Tundu la 16 katika soketi lina umeme wa betri wakati wote hata gari likiwa limezimwa, basi kifaa kisichojizima chenyewe kichomolewe gari likilala siku nyingi, la sivyo utakuta betri imekufa. Waya usining'inie karibu na pedali. Skrini isizibe kioo wala isikae mahali ambapo mfuko wa hewa hufumuka. Na dereva asiikodolee macho; kionyeshi kizuri hukubali kupangiwa kiwango na kulia kikivukwa, na changu nimekipangia kilie kwenye nyuzi 99.

Nimekisikia kilio hicho mara moja tu barabarani, mwezi wa tatu mwaka huu, nikiingia Malindi kutokea upande wa uwanja wa ndege, gari likitembea polepole nyuma ya mkokoteni. Tarakimu zilikuwa 97, 98, 99, mshale ukiwa katikati kama kawaida yake. Niliegesha, nikazima kipoza watu, nikatega sikio: feni ilikuwa kimya. Nilibadilisha fyuzi kwa ile ya akiba, feni ikazunguka, na nilipofika nyumbani ilikuwa 90. Fundi wa umeme alikuta waya wa feni umechubuka na kugusa chuma. Kazi ya nusu saa.

Ombi langu kwa wenye gereji wa Malindi, Kilifi na Lamu ni hili. Gari la turbo linapoingia, kabla ya kufungua chochote, liandikiwe kwenye risiti namba za hitilafu zilizomo, joto la maji feni inapowaka, joto la maji gari likitembea, na presha ya juu kabisa ya turbo barabarani. Na linapotoka, tarakimu zile zile zipimwe tena na kuandikwa kando yake, mbele ya mwenye gari. Ombi langu kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya kaunti zetu ni kwamba mwanafunzi asikabidhiwe spana ya kufungulia hedi kabla hajaweza kuzisoma tarakimu hizo na kueleza zinasema nini. Na kwa wenzangu wenye magari, mkikabidhiwa risiti isiyo na tarakimu, ziulizeni kabla hamjalipa.

Wako mwaminifu,

Dereva na msomaji wa siku nyingi,
Malindi